Sura ya Nne: Nitakula Wapi Nisikojulikana?

Swali hili humjia kila anayesafiri, na aghalabu humjia njaa ikiwa imeshambana. Fundi aliyetumwa mji wa mbali, mwanafunzi aliyepata chuo nchi jirani, mama anayempeleka mtoto hospitali ya rufaa, dereva aliyekwama mpakani akisubiri muhuri: wote hao wana pesa kidogo ya kula, na chakula kinauzwa kila kona. Wanachotafuta ni zaidi ya sahani. Wanataka mahali pa kuketi bila kutupiwa jicho la "huyu naye katokea wapi?", mahali ambapo mtu atawauliza habari za safari na kweli akasubiri jibu.

Wengi hujibu swali hili kwa kutaja majina: nenda kwa mama fulani, nyuma ya kituo cha mafuta, utakula vizuri. Jibu hilo ni jema kwa mwezi huu na pengine mwaka huu. Lakini migahawa hufungwa, wapishi huhama, kodi hupanda. Ndiyo maana sura hii haitakupa orodha ya majina. Itakuonyesha jinsi ya kuutambua mgahawa wa namna hiyo kabla hujavuta kiti, na sababu inayoufanya uwe hivyo. Ninaamini kwamba upole wa mpishi, ingawa unasaidia, hautoshi kueleza mapokezi ya kindugu. Mapokezi hayo hustawi pale ambapo mwenye chungu na mgeni wanahitajiana, na wote wawili wanalijua hilo.

Ili tulione jambo hili kwa macho, twende Malawi. Tutaanzia Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyo katika wilaya ya Dowa, kisha tutashuka hadi jiji la Lilongwe, umbali wa kilomita arobaini na ushei.

Mji ambao kila mtu aliuingia akiwa mgeni

Kambi ya wakimbizi ni eneo lililotengwa na serikali kwa ajili ya watu waliokimbia vita au mateso nchini kwao. Katika eneo hilo huhudumiwa kwa msaada wa mashirika, hasa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994. Kabla ya hapo palikuwa na gereza ambamo utawala wa Rais Kamuzu Banda uliwafungia watu iliowaona kuwa wapinzani wake. Banda aliangushwa kwa kura Mei 1994, wakati Wanyarwanda walikuwa wakikimbia mauaji ya kimbari, na mahali palipokuwa pa kufungia watu pakageuzwa kuwa pa kuwapokea. Baada yao wakaja Warundi, wakaja Wakongo kwa maelfu, na pia Waethiopia na Wasomali, ambao wengi wao walikuwa njiani kuelekea Afrika Kusini. Kambi ilipangwa kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina watu zaidi ya 50,000, na walio wengi ni Wakongo.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa Malawi kupokea wageni. Vita vya Msumbiji vilipokuwa vimepamba moto, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi hii ndogo ilihifadhi wakimbizi wa Msumbiji wapatao milioni moja. Wako Wamalawi wenye umri wa miaka hamsini leo waliokua wakiwaona watu hao shuleni, kisimani na sokoni.

Mitaa ya Dzaleka ina majina ya miji na maeneo ya Malawi: Blantyre, Zomba, Karonga, Likuni, Kawale, Lisungwi. Mtu aweza kukuambia anaishi Zomba na anakula Blantyre, na kumbe ni mwendo mfupi wa miguu. Nikiyasikia majina hayo huwa nafikiri jinsi wanaoyatumia kila siku wasivyoruhusiwa kwenda kuishi katika miji yenyewe. Tutalirudia jambo hilo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Dzaleka ina zawadi yake. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watu pale sokoni. Mrundi na Mkongo wa Uvira wanaelewana bila mkalimani, na Msomali aliyepitia Nairobi hakosi Kiswahili cha kuombea maji. Utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Bujumbura na cha Kigoma kwenye benchi moja. Huyu anasema dagaa na yule anasema ndagala, huyu anamwita mkubwa wake kaka na yule anamwita yaya, na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Kueleweka ndiyo nusu ya kupokelewa, na nusu hiyo unaipata mara tu unapofungua kinywa.

Ukiacha waliozaliwa humo kambini, hakuna mtu wa Dzaleka ambaye hakuingia akiwa mgeni. Mwanamke anayekupakulia leo aliwahi kufika na kifurushi begani, hajui foleni inaanzia wapi, na akapewa sahani ya kwanza na mtu asiyemjua. Mapokezi anayokupa aliyajifunza akiwa upande wako wa meza.

Mgahawa wenye kazi tatu

Mgahawa wa kambini una kazi zaidi ya kulisha. Ukizielewa kazi zake, utajua kwa nini mgeni hafukuzwi.

Kulisha ni kazi inayoonekana, na nyuma yake kuna sheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye baadhi ya vifungu, kikiwemo cha uhuru wa mkimbizi kuchagua mahali pa kuishi. Kutokana na hilo nchi inafuata sera ya kambi, yaani utaratibu unaomtaka mkimbizi aishi ndani ya kambi na si mjini wala kijijini. Mtu mwenye shahada ya ualimu au ufundi wa miaka ishirini anajikuta amebanwa ndani ya soko la kambi. Kati ya biashara chache zinazowezekana kwa mtaji mdogo, kupika kumo mstari wa mbele: sufuria mbili, jiko la mkaa, benchi, unga na mahali pa kivuli. Mtaji huo mara nyingi hutoka kwenye upatu, yaani mchango wa zamu ambapo kila mmoja huchukua fungu lote siku yake ikifika. Wakongo huuita likelemba, Wamalawi chipereganyu. Kwa hiyo sufuria unayoiona jikoni huenda imenunuliwa na wanawake kumi, na wote kumi wangependa mteja arudi kesho.

Kazi nyingine ni habari. Mtu akifika kambini ni mwombaji hifadhi, yaani ameomba kutambuliwa kuwa mkimbizi na bado hajajibiwa. Ana maswali mengi yasiyoandikwa ubaoni. Aandikishwe wapi? Nani ana chumba cha kupangisha? Yuko mtu wa Fizi ya Kongo hapa? Yuko wa Makamba ya Burundi? Kliniki hufunguliwa saa ngapi? Ofisi zina saa za kazi, lakini benchi la mgahawa liko wazi tangu chai ya asubuhi, na aliyeketi hapo jana anajua anachouliza aliyefika leo. Mpishi akimuuliza mgeni ametoka wapi, hafanyi adabu tu. Anatafuta kichwani mwake ni mteja yupi wa kumkutanisha naye. Ukisikia, "Ngoja, kuna mtu wa kwenu hula hapa saa saba," ujue umeshapata zaidi ya chakula.

Kazi ya mwisho ni mkopo, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo udugu unapojengwa.

Familia nyingi za Dzaleka hutegemea mgao wa WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mgao ni msaada wa chakula unaotolewa kwa kila mtu aliyeandikishwa, na siku hizi hutolewa kwa pesa badala ya magunia ya mahindi. Pesa hizo zimepunguzwa mara kadhaa wafadhili walipopungua, na hata zisipopunguzwa hununua vitu vichache zaidi. Kwacha, pesa ya Malawi, ilishushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022, kisha kwa asilimia 44 Novemba 2023. Mtu aliyepanga bajeti ya mwezi huona unga umepanda kabla mwezi haujafika nusu.

Hapo ndipo daftari linapotoka mfukoni mwa aproni. Ni daftari la shule lenye mistari, kona zimejikunja, kurasa zimeingia mafuta. Kila mteja ana ukurasa wake: jina la kuitwa, pengine jina la mtoto wake wa kwanza, kisha vijistari vya kalamu, kila kimoja sahani moja. Pesa ikiingia, vijistari hukatwa kwa mstari mrefu. Hakuna dhamana, hakuna riba, hakuna karatasi ya kutia sahihi. Kinachomlinda mpishi ni kumjua mteja wake: anaishi mtaa gani, anasali wapi, nani ni shemeji yake, amepata ugonjwa gani mwaka jana. Kwa sababu hiyo anauliza, anakumbuka, na usipoonekana siku mbili anamtuma mtoto aje aangalie kama unaumwa. Mtu wa nje akiyaona haya atasema ni ukarimu, na ni kweli. Lakini ni ukarimu wenye mizizi kwenye hesabu. Sioni kwamba hesabu inaupunguzia heshima. Naona ndiyo inayoufanya udumu hata siku ambazo mpishi amechoka, ana deni la mkaa na hana hamu ya kucheka na mtu.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wachewa, wenyeji wa Malawi ya kati, nao wana methali yao isemayo kwamba mgeni ndiye ajaye na wembe mkali. Ni jamii mbili zisizokaa karibu, na zote mbili zimeona kwamba mgeni huja na kitu ambacho mwenyeji hana: habari mpya, jicho lisilozoea, mkono wa ziada, pesa ambayo bado haijazunguka sokoni.

*Kwa ufupi: mgahawa unaompokea mgeni vizuri mara nyingi ni ule ambao pia hutoa habari na mkopo. Ukiona daftari na benchi refu, ingia.*

Kinachoingia kwenye sahani

Kabla ya sahani huja maji. Hutaelekezwa bomba lilipo. Binti au kijana mdogo wa pale atakuletea beseni na jagi, atainama kidogo, atakumiminia maji polepole hadi utoe mikono. Ni adabu inayofanana tangu Bukavu hadi Dowa: mdogo humnawisha mkubwa, na mgeni huhesabiwa kuwa mkubwa. Usinyang'anye jagi ujimiminie mwenyewe. Nawa, sema asante, au kwa Mmalawi sema *zikomo*, kisha geuka umtazame jirani yako mezani, kwa maana anayefuata kunawa ni yeye.

Chakula kikuu cha Wakongo wengi wa pale ni ugali kwa sombe. Sombe ni majani ya muhogo, yaani kisamvu, na hayana njia ya mkato. Huchumwa machanga, huondolewa vijiti, hutwangwa kwenye kinu hadi yawe kama uji mzito wa kijani, kisha huchemshwa muda mrefu. Kutwanga na kuchemsha huko si mapenzi ya mpishi tu. Majani ya muhogo yana sumu ya asili inayohitaji kutolewa, na asiye na subira asiyapike. Ndipo huja kitunguu, mawese yakipatikana, ndagala au karanga zilizosagwa. Mawese husafiri kutoka mbali na bei yake haitabiriki, kwa hiyo siku nyingine sombe ya Dzaleka huwa na karanga nyingi, na inaelekea zaidi kwenye upishi wa Malawi, ambako unga wa karanga huwekwa kwenye majani ya maboga na mboga nyingine nyingi.

Hapa kuna alama moja ya kuaminika kuliko kibao chochote cha mlangoni. Ukipita nyuma ya mgahawa saa tatu au saa nne asubuhi ukasikia kinu, chakula cha mchana kinapikwa hapo, na anayekipika ameshinda hapo tangu alfajiri. Mtu aliyeutumia mchana wake kwa chungu kimoja hapendi kukiona kinaliwa na watu wasiosemeshwa.

Ugali wenyewe una siasa zake. Mmalawi hupakua *nsima* kwa mwiko bapa uliochovywa maji, vipande laini vya mviringo vikipangwa kimoja kando ya kingine, na husema sahani imependeza vipande vikilingana. Mkongo huleta tonge moja kubwa lililofunikwa, na mara nyingi huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo ili uvutike. Kaskazini mwa Malawi nako kuna *kondowole*, nsima ya muhogo, kwa hiyo Mtumbuka wa huko akila kwa Mkongo hajihisi ugenini. Mpishi mzoefu wa Dzaleka atakuuliza unataka upi. Jibu anachokuuliza. Anaposikia jibu lako anajua umetoka wapi, na mazungumzo yameanza.

Kwa Waethiopia mambo ni mengine. Injera hutandazwa kwenye sinia moja, mchuzi ukamwagwa juu, na wote mnaketi mkizunguka. Huwezi kula injera ukiwa umempa jirani mgongo. Kahawa hukaangwa mbele yako, na kwa desturi hunywewa kwa mizunguko mitatu, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia. Anayeondoka baada ya wa kwanza huonekana ana jambo la haraka. Nenda ukiwa na muda.

Lilongwe, jiji la namba

Lilongwe lilichukua makao makuu ya nchi kutoka Zomba mwaka 1975, na jiji likapangwa kwa maeneo yenye namba: Area 2, Area 18, Area 25, Area 47. Namba hazifuatani ardhini, kwa hiyo usidhani ukivuka barabara kutoka Area 18 utajikuta Area 19. Wageni wengi huishia kula kwenye maduka makubwa ya katikati ya jiji kwa sababu tu ndiyo waliyoweza kuyapata. Hapo watakula salama, watalipa zaidi, na hakuna atakayewauliza jina.

Mimi ningekupeleka Mji Mkongwe wa Lilongwe (Old Town), upande wa soko kuu karibu na mto Lilongwe, stendi ya mabasi na maduka ya Area 2 yaliyo jirani na msikiti. Stendi, soko na nyumba ya ibada ndizo sehemu tatu ambazo mji wowote huzitumia kupokea watu wapya, na wapishi wanalijua hilo kuliko wapangaji wa miji. Kanengo, njia ya kaskazini, nako hujaa vibanda vya chakula wakati wa mnada wa tumbaku, kwa kuwa wakulima na wapakiaji hutoka wilaya za mbali na kusubiri zamu yao.

Ukifika, zunguka kwanza bila kuketi. Angalia haya:

- Sahani zinazoletwa bila kuagizwa. Mteja akiketi na chakula kikaja kabla hajasema neno, mpishi anawajua watu wake, na nawe atakujua.
- Vyakula vichache. Nsima kwa samaki wa chambo au usipa, au maharage, pengine mbuzi, basi. Ubao wenye vyakula thelathini huandikwa na asiyepika.
- Mwenye mgahawa anakula chakula chake mwenyewe, papo hapo, miongoni mwa wateja.
- Watu wasiojuana wamekalishwa meza moja.
- Chakula huisha.

Hilo la meza moja nalipa uzito kuliko mengine. Penye meza ndogondogo za mtu mmoja mmoja, hata mhudumu awe mpole vipi, utakula peke yako. Penye benchi refu utaombwa kusogea, na anayekuomba usogee hawezi kunyamaza baada ya hapo.

Kuna pia chakula cha kusimama. *Chiwaya* ni bati kubwa la kukaangia linalowekwa juu ya moto kando ya njia, viazi vikichemka kwenye mafuta katikati na vilivyoiva vimesogezwa pembeni pamoja na vipande vya nyama. Unachagua kwa kidole, unakatiwa, unanyunyiziwa chumvi, unaongezewa kabichi na nyanya, na mara nyingi kuna Nali karibu, pilipili ya chupa ya Malawi ambayo hata tone lake si la kuchezea. Unasubiri pamoja na wengine mkiwa mmezunguka moto. Kwa mtu mwenye haya, anayeogopa kuingia mlango asioujua, naona hapo ndipo pa kuanzia. Hakuna mlango.

Ukiingia penye mlango, piga hodi. Mmalawi naye husema *odi*. Mwite mwanamke mwenye mgahawa *amayi*, mwanamume wa rika lako *achimwene*, na mzee *bambo* au *agogo* kwa kadiri ya mvi zake. Uliza hali yake kabla ya kuuliza kuna nini jikoni. Kwa Mkongo au Mrundi, "mama" na "papa" vinatosha, na jina la mwanawe ukilijua litumie.

*Kwa ufupi: tafuta benchi kabla ya kutafuta kibao, na salamu itangulie njaa.*

Milango iliyofungwa 2023

Kulikuwa na wakati ambapo mtu aliyetaka sombe au mchuzi wa Kirundi hakuhitaji kutoka Lilongwe. Wakimbizi wengi walikuwa wameondoka Dzaleka na kuishi mjini, wakafungua maduka ya vyakula na biashara ndogo ndogo. Machi 2023 serikali iliwaamuru wote warudi kambini kabla ya tarehe 15 Aprili. Tarehe 17 Mei polisi walianza kuwakusanya. Watu wazima na watoto walishikiliwa katika gereza la Maula kabla ya kusafirishwa kwenda Dzaleka. UNHCR ilikadiria kwamba wakimbizi na waombaji hifadhi wa mijini walioguswa na amri hiyo ni wapatao 8,000.

Serikali ilitoa sababu zake, zikiwemo za usalama na malalamiko ya wafanyabiashara wenyeji. Nimezisikiliza, na bado nasema jiji lilijinyang'anya chakula. Mtu aliyekuwa akilipa kodi ya pango, akinunua nyanya za mkulima wa Dowa na kumwajiri kijana wa Kimalawi kuosha vyombo, alirudishwa mahali ambapo kuna wapishi wengi kuliko wateja wenye pesa.

Ziko nchi zilizochagua njia nyingine. Uganda, kwa sheria yake ya wakimbizi ya 2006, humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kwenda atakako, na ukifika Kabalagala mjini Kampala utakuta migahawa ya Kiethiopia yenye vibao barabarani bila kificho. Kenya kwa muda mrefu imefuata sera ya kambi, lakini hata huko, utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa 2018 kuhusu kambi ya Kakuma ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 kambini na kwenye mji wa jirani. Watu wanaolishana hufanya uchumi popote wanapowekwa. Kilichobaki ni kama sheria itauacha uonekane.

Hili linamhusu msafiri moja kwa moja. Ukikaribishwa na mtu ambaye hali yake ya kisheria ni ya mashaka, mdomo wako ni hatari kwake. Usimpige picha. Usimtaje jina wala mtaa kwa watu usiowajua vizuri, hata kwa nia ya kumletea wateja. Mwulize kwanza kama anataka kutangazwa, na akisema hapana usimshawishi.

Wajibu wa anayepokelewa

Watu huniuliza namna ya kupokelewa, lakini ni wachache mno wanaouliza namna ya kupokelewa vizuri. Haya ni machache ninayoyaona ya lazima.

Lipa bei iliyotajwa, na ulipe siku hiyohiyo. Daftari si lako. Ni la wale wanaosubiri mgao, na ukurasa utakaouchukua wewe mwenye mshahara unamnyima mwenye haja. Ukipewa nyongeza ya mboga bure, ipokee kwa mikono miwili na usiitafsiri kuwa mlango wa kupunguziwa bei kesho.

Usimhoji mtu kuhusu vita vyake. Swali la "ilikuwaje huko?" huonekana la huruma kwa anayeliuliza, na humrudisha anayeulizwa mahali alipotoka akiwa na mwiko mkononi na wateja watano wanamsubiri. Akitaka kusimulia atasimulia. Wewe sema habari zako, mwambie kwenu mnapikaje kisamvu, mbishane kuhusu nazi na karanga.

Rudi. Mara ya kwanza wewe ni mteja, mara ya pili unakumbukwa. Hakuna ufundi mwingine katika jambo hili.

Kwenda Dzaleka kwenyewe

Nafasi iliyo wazi zaidi kwa mtu wa nje ni Tamasha la Tumaini, linalofanyika kambini karibu kila mwaka tangu 2014. Lilianzishwa na Menes La Plume, mshairi na msanii wa Kikongo aliyekuwa mkimbizi hapohapo. Wanamuziki wa kambini na wa Malawi hupanda jukwaa moja, na maelfu ya watu hutoka Lilongwe na kwingineko kuja kuwatazama. Kinachonigusa zaidi ni mpango wa malazi wa tamasha hilo: mgeni anaweza kulala nyumbani kwa familia ya wakimbizi badala ya kurudi hotelini. Anakula kilichopikwa, anaoga kwa maji ya ndoo, na asubuhi anakunywa chai na wenye nyumba. Familia hulipwa, na malipo hayo huyaweka mambo sawa: mkimbizi, aliyezoezwa kusimama kwenye foleni ya kupokea, siku hiyo ndiye anayetoa godoro, mto na kifungua kinywa, na mgeni ndiye anayeuliza choo kiko wapi.

Nje ya tamasha inawezekana pia. Anayekwenda kuandika, kupiga picha au kufanya utafiti apate kwanza kibali cha serikali, na anayekwenda na shirika lolote afuate utaratibu wake. Soko lenyewe hujaa Wamalawi wa vijiji vya jirani wanaouza na kununua, na hakuna anayeona ajabu mtu kutafuta chakula. Panda basi dogo la Dowa mapema asubuhi na ubebe noti ndogo ndogo, kwa kuwa chenji ni tabu. Ukishuka, uliza kwa Kiswahili wapi wanapika sombe leo. Utaelekezwa na watu watatu kwenye sehemu tatu tofauti. Chagua yenye benchi refu, na uwahi: ikifika saa nane mchana vyungu vingi vimeshakauka.